Kilele Kisicho na Sanamu: Utangulizi wa Elimu ya Mandhari Takatifu

Juu ya mji wa Voi hakuna sanamu. Ukishuka kituo cha reli unaukuta mji umetandazwa kwenye mwinuko wa karibu mita 600, na milima imeuzunguka kwa mbali: Sagala upande wa kusini, Dawida upande wa magharibi, na Kasigau iliyojitenga peke yake kusini zaidi, kilele chake kikipita mita 1,600. Vuria, kilele kirefu kuliko vyote katika Milima ya Taita, kinafika mita 2,208. Kwa jicho la mjenzi, hapa hakuna uhaba wa jukwaa. Chochote kikubwa kitakachosimamishwa huko juu kitaonwa na dereva wa lori aendaye Mombasa, na abiria wa treni, na mgeni aliyekuja kutazama ndovu wa Tsavo. Hata hivyo, hakuna aliyepandisha mungu wa zege.

Kwingineko wamepandisha. Mwaka 2010, kwenye kilima cha Jakhu kinachoutazama mji wa Shimla kaskazini mwa India, ilizinduliwa sanamu ya Hanuman, mungu wa Kihindu, yenye urefu wa futi 108, yaani karibu mita 33. Juu ya Pokhara, nchini Nepal, Shiva ameketi kwenye kilima cha Pumdikot: sanamu yenyewe futi 51, kitako chake futi 57, jumla yake ni 108 tena. Kisiwani Mauritius, jirani yetu ng'ambo ya bahari, Shiva mwingine wa mita 33 amesimama tangu 2007 kando ya ziwa la Ganga Talao. Wahindu wamefanya kazi, wamepigana vita na wamefia katika ardhi ya Taita Taveta, kaunti ulimo mji wa Voi, kwa zaidi ya karne moja. Kwa nini basi vilele vyetu vimebaki vitupu?

Msomaji mwenye haraka atajibu kwamba Wahindu wa Kenya ni wachache, na wenyeji hawana desturi ya kujenga masanamu, basi yameisha. Kitabu hiki kinaanza kwa kulikataa jibu hilo. Vilele vya Taita si vitupu. Vimewekewa alama kwa njia nyingine, na anayejua kuisoma sanamu ya Shimla bila kujua kuusoma msitu wa Dawida amejifunza nusu ya somo. Hoja nitakayoifuata ni hii: mahali pa juu panaweza kutakaswa kwa kuongeza kitu, na panaweza kutakaswa kwa kuacha kitu kama kilivyo. Njia zote mbili ni kazi ya watu, zote zina gharama, na zote zina wenyewe wanaoamua.

Elimu hii inauliza nini

Elimu ya mandhari takatifu ni changa, na wanaoifanya wametoka kila mahali: wanajiografia, wanahistoria, wanaakiolojia, wataalamu wa mimea, wachunguzi wa mila na dini. Karibu, uwe umetoka katika fani yoyote ile. Hutaulizwa unaamini nini. Swali la kama mungu yuko kweli mlimani tunawaachia wanaosali. Letu ni kuuliza mambo matatu. Kwanza, ni nani aliyeweka alama mahali hapa, na kwa kazi gani? Pili, alama hiyo imekusudiwa kusomwa na nani? Tatu, ni nani mwenye mamlaka ya kuibadilisha, kuihamisha au kuifuta?

Maswali haya yanaonekana mepesi mpaka uyapeleke uwanjani. Utagundua kwamba mwenye ardhi si yule mwenye mamlaka ya ibada, kwamba anayelipia ujenzi hakai karibu na kilima, na kwamba watoto wa kijijini wanajua mahali pa kutopita bila kuambiwa sababu. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Mungu wa futi 108

Tuanze na sanamu, maana ndiyo inayojitangaza. Mgeni akiiona kwa mara ya kwanza hudhani anatazama jambo la kale. Mapokeo ni ya kale kweli. Katika utenzi wa Ramayana, Hanuman anatumwa kuleta dawa ya kumponya Lakshmana aliyejeruhiwa vitani. Akishindwa kuutambua mmea, anang'oa mlima mzima na kuruka nao. Wenyeji wa Shimla husimulia kwamba katika safari hiyo alitua Jakhu kupumzika. Shiva naye makao yake ni mlima Kailash, na mkewe Parvati ni binti wa mlima. Hata 108 ni hesabu ya zamani: ndiyo idadi ya shanga katika tasbihi ya Kihindu.

Ukubwa wenyewe, hata hivyo, ni jambo la juzi. Mtafiti Kajri Jain, katika kitabu alichokichapisha 2021, ameonyesha jinsi masanamu makubwa ya miungu yalivyoshamiri India katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, pamoja na zege la bei nafuu, barabara za magari, utalii, uchumi huria, na siasa za makundi yanayotaka kuonekana hadharani. Sanamu ya futi 108 inahitaji nondo, wahandisi, wafadhili, kibali cha ardhi na barabara ya kupandishia saruji. Inahitaji pia mtazamaji aliye mbali. Anayesali ndani ya chumba cha hekalu hana haja na mungu wa mita 33. Anayehitaji ukubwa huo ni yule aliye kwenye gari, au bondeni, au kwenye mtaa wa dini nyingine.

Ili kulielewa hili, tazama kinachotendeka ndani ya hekalu. Mfano wa mungu unaoabudiwa humo, ambao mara nyingi ni mdogo, hufanyiwa ibada ya kuutia uhai. Baada ya hapo unahudumiwa kila siku: unaamshwa, unaogeshwa, unavikwa, unalishwa, unalazwa. Mwenye imani huja kumwona mungu na kuonwa naye, tendo linaloitwa darshani, ambalo Diana Eck alilieleza vizuri katika kitabu chake kifupi cha 1981. Pale Jakhu, hekalu dogo la zamani bado lipo karibu na miguu ya lile jitu, na kima wamejaa uwanjani wakipokonya watu miwani. Ibada ya kila siku inafanyika kwenye hekalu hilo dogo. Jitu la nje kazi yake ni kuutangazia mji mzima kwamba kilima hiki kina mwenyewe.

Mauritius inatufundisha zaidi, kwa kuwa huko Wahindu walifika kama vibarua wa mkataba kuanzia 1834, kulima miwa. Mwishoni mwa karne ya 19, kuhani mmoja wa kijiji cha Triolet alisema ameoteshwa ziwa lililo milimani, ambalo maji yake yana udugu na mto Ganga. Mwaka 1898 mahujaji wakaanza kulifuata kwa miguu, na mpaka leo, wakati wa sikukuu ya Maha Shivaratri, watu kwa maelfu hutembea kutoka kila pembe ya kisiwa wakiwa wamebeba mabegani vibanda vilivyopambwa kwa karatasi na vioo. Mwaka 1972, miaka minne baada ya uhuru, maji yaliyoletwa kutoka mto Ganga wenyewe yalimiminwa ziwani, na jina Ganga Talao likashika. Sanamu ya Shiva, iliyoigwa kutoka ile iliyo katikati ya ziwa la Sursagar mjini Vadodara, ilifika 2007 tu. Angalia mfuatano: ndoto, miguu, maji, kisha zege. Kwa zaidi ya miaka mia moja mahali palikuwa patakatifu bila sanamu. Zege lilikuja baada ya jamii hiyo, ambayo ni karibu nusu ya wananchi wa kisiwa, kuwa na ardhi, fedha na kura.

Milima ya Wataita

Sasa turudi nyumbani. Milima ya Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya safu ya Tao la Mashariki, ambayo sehemu yake kubwa iko Tanzania. Mawingu kutoka Bahari ya Hindi hugonga vilele hivi, ukungu hudondoka kwenye majani, na mito huanzia hapo, ukiwemo mto Voi unaoteremka kutoka Dawida, ukaupitia mji na kuingia mbugani Tsavo. Misitu yenyewe imebaki vipande: Ngangao, Mbololo, Chawia na vingine vidogo. Humo wamo viumbe wasiopatikana kwingine popote duniani, wakiwemo ndege. Mlima Sagala pekee una mnyama wake asiye na miguu, wa jamii ya amfibia, aishiye chini ya udongo, ambaye wanasayansi walimpa jina mwaka 2005 tu.

Kati ya vipande hivyo vya msitu, na katika vichaka vidogo kuliko hivyo, kuna fighi. Fighi ni mahali palipotengwa na wazee kwa ajili ya ulinzi wa kijiji na mipaka yake. Dawa ya ulinzi imewekwa hapo, na nguvu yake humzuia adui, mnyama mkali na baa lolote. Mti haukatwi. Kuni haziokotwi. Anayeingia ni mzee aliyepitishwa katika daraja linalostahili, na huingia kwa shughuli maalumu. Ukipita kandoni bila mwenyeji, utaona miti mikubwa iliyosongamana katikati ya mashamba ya mahindi na migomba, na hutajua kwamba umepita mbele ya ngome.

Jambo la pili ni mafuvu. Kabla Ukristo haujaenea, Wataita waliwazika wazee wao, na baada ya muda kupita kaburi lilifunguliwa, fuvu likatolewa na kupelekwa katika pango au chini ya jabali lililoning'inia, likapangwa katika safu pamoja na mafuvu ya wazee waliotangulia wa kichuku (ukoo) hicho hicho. Wazao walikwenda huko kuzungumza nao penye ukame, ugonjwa au ugomvi. Simama mbele ya safu kama hiyo, ukiruhusiwa, na utazame jinsi ilivyopangwa: fuvu kando ya fuvu, yote yakitazama nje, mvua haiyafikii kwa sababu ya paa la mwamba. Hakuna maandishi wala mchoro. Ukoo unaijua safu yake, na asiye wa ukoo hana cha kusoma.

La tatu halina hata mahali maalumu. Mchunguzi Grace Harris, aliyekaa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, alieleza katika kitabu chake cha 1978 kwamba kiini cha dini ya Wataita ni kuitoa hasira moyoni. Tendo lake kuu ni kutasa: mtu huchukua funda la pombe au maji, akalipuliza kwa mdomo, huku akitamka maneno ya kuiacha hasira na kutaka heri. Hasira iliyofichwa, ya binadamu, ya mzimu au ya Mungu, ndiyo iletayo maradhi na kuzuia mvua. Dini ya namna hii haidai jengo. Inadai watu wapatane, na inadai pawepo pahali pa kuachwa kimya.

Weka sasa fighi kando ya Hanuman wa Jakhu. Vyote viwili vinalinda. Vyote viko juu ya makazi ya watu. Vyote vimegharimu: kimoja kimekula saruji na fedha, kingine kimekula ardhi yenye rutuba ambayo vizazi vya wakulima wenye njaa ya shamba wamejizuia kuilima. Tofauti iko kwa msomaji aliyekusudiwa. Sanamu inasema na kila apitaye, hasa mgeni. Fighi inasema na mwenyeji, na mgeni inamficha habari. Ndiyo maana wasafiri wa kwanza wa Ulaya, kama Johannes Rebmann aliyefika Kasigau 1847, na wamishenari waliojenga Sagala mwaka 1883 na Bura mwaka 1892, walipita katikati ya ulimwengu uliojaa alama huku wengi wao wakidhani wamefika mahali pasipo na dini.

Usikimbilie kusema kwamba Mhindi hujenga na Mwafrika huacha. Hapo ndipo wanagenzi wengi hujikwaa. India yenyewe ina maelfu ya misitu mitakatifu: huko Maharashtra inaitwa devrai, huko Kerala inaitwa kavu, na miiko yake mzee wa Dawida angeitambua mara moja. Na Afrika inajenga. Juu ya kilima kimoja jijini Dakar, tangu 2010, imesimama sanamu ya shaba ya mwanamume, mwanamke na mtoto yenye urefu wa mita 49, inayolitazama jiji na bahari. Njia hizi mbili hazigawanyiki kwa rangi wala kwa dini. Zinagawanyika kwa jibu la swali letu la pili, alama inasemezana na nani, na la tatu, nani ana mamlaka, pamoja na ardhi iko mikononi mwa nani.

Waliopita bondeni

Swali hilo la tatu ndilo linaloeleza kwa nini dini za Kihindi katika kaunti hii zilibaki chini. Reli kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa 1896, iliwaleta vibarua zaidi ya 31,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi: Waislamu, Wahindu na Masingasinga. Karibu 2,500 walikufa kabla kazi haijaisha. Dunia inakumbuka zaidi wale walioliwa na simba pale Tsavo mwaka 1898, lakini maradhi na ajali viliua wengi kuliko simba. Njia yao ilipita tambarare, mbali na vilele, na ibada zao zikaifuata njia hiyo.

Mfano ulio wazi kuliko yote uko Mackinnon Road, eneo ambalo Taita Taveta na Kwale wanavutana mpaka. Kando ya reli ya zamani kuna kaburi la Sayyid Baghali Shah, msimamizi wa vibarua ambaye wenzake walisimulia kwamba karai lake la udongo lilielea juu ya kichwa bila kukigusa. Leo kaburi limo ndani ya msikiti, na madereva wa barabara kuu husimama kuomba salama ya safari. Yeye alikuwa Mwislamu, lakini wanaomheshimu ni wa dini nyingi. Utakatifu wake ni wa njiani, kwa ajili ya wasafiri.

Kisha ikaja vita. Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, na kwa mwaka mmoja na nusu uliofuata tambarare kati ya Voi na Taveta ilikuwa uwanja wa mapambano. Waingereza walijenga reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea magharibi kupitia Maktau. Askari wa India walikuwa mstari wa mbele: kikosi cha 130 cha Wabaluchi kilipigana kwenye kilima cha Salaita tarehe 12 Februari 1916, siku ambayo Waafrika Kusini walirudishwa nyuma kwa hasara kubwa. Maktau kuna makaburi ya askari wa Kihindi mpaka leo. Lakini Wahindu na Masingasinga huchoma maiti zao, hivyo wengi wa waliokufa hawana kaburi la kutembelewa. Wamebaki majina kwenye kumbukumbu za vita. Mtafiti anayehesabu makaburi peke yake atapata picha pungufu ya nani alikufa hapa.

Vita hiyo hiyo iliwagusa wenye milima. Mwaka 1915 Waingereza waliwatuhumu watu wa Kasigau kwamba wamewasaidia Wajerumani, wakawahamishia Malindi kwa nguvu. Wengi walifia huko, na waliorudi walirudi baada ya miaka mingi. Mlima uliobaki bila wazee wake ni somo zima katika elimu hii: alama ya kuacha inamhitaji mlinzi anayejua kwa nini anaacha. Sanamu inaweza kusimama yatima kwa karne. Mwiko hauwezi.

Sheria nayo ilimalizia kazi. Serikali ya kikoloni iliwatengea Wazungu mashamba ya nyanda za juu na kuwafungia Wahindi mlango wa kuyamiliki. Katika Taita, milima ilihesabiwa hifadhi ya wenyeji, na mabondeni yakaota mashamba makubwa ya mkonge. Mhindi alibakiwa na mtaa wa maduka. Ndiyo maana hekalu la Kihindu katika Afrika Mashariki kwa kawaida utalikuta mjini, kati ya duka la vitambaa na la vyuma, geti lake likiwa karibu na barabara. Hata lile kubwa la Swaminarayan lililofunguliwa Nairobi mwaka 1999, kwa mawe yaliyochongwa India na kusafirishwa, liko mjini na si kilimani. Sensa ya 2019 iliwahesabu Wahindu wa Kenya kuwa takriban 60,000 kati ya watu milioni 47. Uchache huo ni sehemu ya jibu. Historia ya ardhi ni sehemu kubwa zaidi.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa mkupuo mmoja, nenda Kampala. Namirembe ni ya Waanglikana, Rubaga ni ya Wakatoliki, Kibuli ni ya Waislamu, Kikaya ina hekalu la Wabahai lililofunguliwa 1961, na Kasubi ina makaburi ya Makabaka, wafalme wa Buganda. Kila kilima kinasimulia nani alipewa ardhi na nani, na lini. Wahindu wa Kampala, matajiri na maarufu kama walivyokuwa, hekalu lao liko bondeni kwenye biashara.

Mabishano yanayokusubiri

Elimu hii ina ugomvi wake, na ni vizuri uujue mapema. Mircea Eliade aliandika mwaka 1957 kwamba mlima mtakatifu ni kitovu cha dunia, mahali mbingu na nchi zinapokutana, na kwamba binadamu kila mahali huuhisi hivyo. Jonathan Z. Smith, miaka 30 baadaye, alimjibu kwamba mahali hapawi patakatifu penyewe; watu hupatakasa kwa ibada na kwa kupaangalia. Terence Ranger alilipeleka jambo mbele mwaka 1999 kwa kitabu juu ya vilima vya Matopos, Zimbabwe, ambako madhabahu ya mvua ya mungu Mwali, kaburi la Cecil Rhodes aliyezikwa kileleni mwaka 1902, na wapigania uhuru wote waligombea miamba ile ile. Naye Celia Nyamweru, pamoja na Michael Sheridan, walikusanya mwaka 2008 tafiti za misitu mitakatifu ya Afrika zilizovunja dhana kwamba misitu hiyo ni mabaki ya enzi za kale yaliyosahaulika. Ni taasisi hai, zina siasa, zinapanuka na kusinyaa.

Mimi nasimama karibu zaidi na Smith na Ranger, nawe uko huru kunipinga. Ninachokuomba ni kupinga kwa ushahidi wa mguu. Panda kilima, kisha shuka ukitazame kutoka sokoni, kutoka msikitini, kutoka shuleni. Muulize mwanamke, muulize kijana, muulize mchungaji wa kanisa aliyehubiri dhidi ya mapango ya mafuvu, kwani naye ni sehemu ya historia yake. Soma ramani za kikoloni. Jifunze majina ya miti. Na ukiambiwa usiingie, usiingie. Usipige picha ya mafuvu wala kuchapisha mahali yalipo. Mafuvu ya Kiafrika yameshabebwa vya kutosha kupelekwa makumbusho za Ulaya.

Angalia pia vilele vya leo. Juu ya Vuria imesimama minara ya mawasiliano. Imeongezwa kileleni kwa sababu ile ile iliyoongeza Hanuman: kuonekana mbali, au tuseme kufika mbali. Nani aliombwa ruhusa? Nani analipwa kodi ya ardhi? Maswali matatu ya elimu hii yanafanya kazi kwa mnara kama yanavyofanya kwa mungu.

Nimalizie kwa tatizo ambalo kizazi changu hakijalitatua, na ambalo ndilo linalonifanya niandike utangulizi huu kwa ajili yenu. Kati ya 1955 na 2004, misitu ya asili ya Milima ya Taita ilipungua kwa nusu, kwa mujibu wa watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki waliolinganisha picha za angani. Vijana wengi hawaogopi tena mwiko wa wazee. Njia mojawapo ya kuokoa fighi ni ile waliyoitumia Wamijikenda: kuanzia 1992 makaya yao, yaani misitu yao mitakatifu, yalitangazwa rasmi kuwa turathi ya taifa, na mwaka 2008 baadhi yake yakaingia katika orodha ya UNESCO. Ulinzi wa kisheria unataka mipaka iliyopimwa, jina lililoandikwa, ramani, na kibao kando ya njia. Lakini fighi imelinda kwa kutojulikana, na kibao ni sanamu ndogo: kinamwambia kila mpita njia kile ambacho kilikuwa cha wachache.

Wako wanaosema kibao ni bora kuliko shoka. Wako wazee wanaosema fighi yenye kibao imeshakufa. Nimesikiliza pande zote mbili na naona zote zina haki. Itabidi mtu akae na kijiji kimoja, si kaunti nzima, apime pamoja nao nini kiandikwe na nini kiachwe, kisha arudi baada ya miaka kadhaa kuona kama miti bado ipo. Kazi hiyo iko wazi, na sura zinazofuata zinakupa vifaa vya kuianza.